Sahani ya Mulungwishi: kula mimea zaidi, kwa sababu iliyo yako

Barabara inayotoka Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi hupita Mulungwishi, penye misheni ya Wamethodisti, Taasisi ya Springer na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga. Malori ya shaba na kobalti hupita hapo yakielekea Kasumbalesa, vumbi likiyafuata. Katika eneo hilohilo mtu aliyeamua kupunguza nyama hupata karibu kila anachohitaji: mafungu ya lengalenga na matembele, sombe, majani ya maboga, maharagi, kalanga, viazi vitamu, na maembe yakifika msimu wake. Bukari na mboga ya majani ndicho chakula cha siku nyingi za wiki katika nyumba nyingi za Katanga, zikiwemo nyumba ambazo hakuna anayejiita mla mimea.

Kwa hiyo msomaji wa Mulungwishi hafundishwi kula majani. Anayajua kuliko mwandishi yeyote wa vitabu vya lishe. Shida iko kwingine: maharagi na kalanga hupikwa kidogo mno, na watu wachache huuliza mboga imeota kwenye udongo gani. Mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili. Lakini kabla ya sufuria kuna sababu, na sababu ikiwa ya kuazima, uamuzi hauvuki sherehe ya kwanza.

Kwa nini kuacha nyama ni jambo zito hapa? Sehemu ya jibu iko katika historia ya migodi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwanzoni mwa 1967 hadi ikawa Gécamines, iliwapa wafanyakazi wake mshahara pamoja na posho ya chakula: unga, nyama au samaki, mafuta ya mawese, maharagi, kalanga. Nyama ikawa sehemu ya malipo. Baba aliyerudi nayo nyumbani alionekana ameheshimiwa na kazi yake. Gécamines ilipoporomoka katika miaka ya 1990, familia nyingi za Likasi zilirudi kwenye majani kwa kukosa, wala si kwa kuchagua. Ndiyo maana leo kijana akisema mezani kwamba nyama hataki, wazee hawasikii habari za afya; wanasikia njaa ya miaka ile. Kijana huyo alielewe hilo kwanza, aliheshimu, kisha ndipo aeleze sababu yake.

Na sababu lazima iwe yako, kwa kuwa kila sababu huondoa kitu tofauti kwenye sahani.

Chukua mwenye jongo, yule anayeamshwa usiku na kidole gumba cha mguu kilichovimba na kuwaka moto. Mara nyingi jirani humshauri aache maharagi kwanza, na hapo humpoteza njia. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 12. Walioongeza nyama na vyakula vya majini waliongeza hatari ya jongo. Mboga na kunde, hata zile zenye purini nyingi, hazikuiongeza. Utafiti wao mwingine wa mwaka huohuo ulikuta kwamba kati ya vinywaji vya pombe, bia ndiyo yenye hatari kubwa kuliko vyote. Kwa mgonjwa huyu, vya kuondoa ni maini, figo, matumbo na bia. Nyama nyekundu na samaki wadogo wakavu apunguze sana. Maharagi yabaki, tena yaongezwe.

Mwenye presha ana hesabu nyingine. Majani, maharagi, ndizi na viazi humpa potasiamu, inayosaidia kushusha shinikizo la damu. Lakini adui yake mkubwa mara nyingi ni chumvi kuliko nyama. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyofichika ndani ya vyakula. Bitoyo, yaani samaki waliohifadhiwa kwa chumvi, ina chumvi tele, na kipande cha Maggi hali kadhalika. Anayeacha nyama ya ng'ombe kisha akabaki na bitoyo na vipande viwili vya Maggi katika kila sufuria ya sombe bado hajajitibu. Aloweke bitoyo, amwage maji, arudie, au aiache kabisa na kutafuta ladha kwenye nyanya, kitunguu, limau na pilipili.

Wako pia wanaoogopa saratani, na hofu yao ina msingi. Oktoba 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na nyama za makopo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Nyama nyekundu ikawekwa katika kundi la vile ambavyo huenda vinaisababisha. Na mapema zaidi, swali la nyuzinyuzi za chakula na ugonjwa wa utumbo lilianzia jirani na Kongo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, na Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, waliona kwamba magonjwa mengi ya tumbo na ya moyo yaliyokuwa yakijaza hospitali za Ulaya yalikuwa adimu miongoni mwa wagonjwa wao wa vijijini, watu waliokula nafaka isiyokobolewa, kunde na mboga. Chakula walichokisifu ndicho ambacho watu wa mjini walikuwa wameanza kukionea haya.

Mulungwishi ina sababu nyingine inayotoka madhabahuni. John Wesley, aliyeanzisha Umethodisti, alikuwa mtu wa kuhesabu anachokula. Mwaka 1724, akiwa kijana wa Oxford, alimwandikia mama yake juu ya kitabu cha Daktari George Cheyne kuhusu afya na maisha marefu. Oktoba 1735, ndani ya meli iliyokuwa ikielekea Georgia, yeye na wenzake waliacha kabisa nyama na divai, wakabaki na vyakula vya mimea, hasa wali na biskuti, wakiamini kwamba kujinyima hata katika mambo madogo kungewasaidia kiroho. Mwaka 1747 alitoa kitabu cha tiba za nyumbani kwa ajili ya maskini. Mmethodisti wa Katanga anayefunga nyama wakati wa Kwaresima, au siku mbili za kila wiki, hana haja ya kudhani kwamba ameleta mambo ya wageni kanisani. Lakini aliye na sababu ya aina hii ajue kwamba mfungo una mwanzo na mwisho. Hautoshi kuwa mpango wa kula wa mwaka mzima mpaka sahani ipangwe upya.

Wengine huwaza msitu. Kaskazini mwa Likasi kuna Hifadhi ya Upemba, iliyotengwa mwaka 1939, makazi ya punda milia wa mwisho wa Kongo. Nyama ya porini inayouzwa barabarani hutoka katika misitu ya miombo inayozidi kuwa kimya. Mwenye sababu hii anaweza kuacha swala na nguruwe pori na bado akala kuku wake wa nyumbani bila kujipinga. Na anayewahurumia wanyama wote ataacha na kuku. Hawa wawili wasibishane. Kila mmoja ana mipaka yake, na familia zao zitawaelewa upesi zaidi wakiitaja mipaka hiyo waziwazi.

Kisha mfuko. Hii ndiyo sababu ya wengi, na haina aibu yoyote. Katika nyumba nyingi kipande cha nyama kinachomfikia kila mtu ni kidogo mno hata hakimjengi mwili. Kinaipa mboga harufu tu. Fedha ileile ikinunua maharagi na kalanga hulisha nyumba nzima kwa siku kadhaa. Kinachotakiwa ni kujua kiasi.

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku. Gramu 300 za unga wa mahindi, yaani bukari ya mlo mmoja mkubwa au miwili ya kawaida, humpa takriban gramu 25. Gramu 100 za maharagi makavu, ambazo hujaza viganja viwili hivi, huongeza kama gramu 21. Gramu 50 za kalanga zilizotwangwa huleta 12 nyingine. Jumla imepita 50, na bado majani hayajahesabiwa. Ondoa maharagi na kalanga, bakiza bukari na lengalenga, na mtu huyohuyo atashiba hadi tumbo lijae huku mwili wake ukidai.

Kuna jambo lingine ndani ya hesabu hiyo. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, kiungo ambacho mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe. Maharagi yana lisini nyingi. Vikiliwa siku moja, kimoja huziba pengo la kingine. Bibi aliyepika bukari kwa maharagi hakujua jina la lisini, lakini alilea watu wenye nguvu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya sahani hii ni kwamba maharagi yatoke pembeni, yakae katikati. Kijiko kimoja juu ya bukari hakitoshi. Kila mtu apate kiasi kile cha viganja viwili kwa siku.

Wanawake wengi watajibu kwamba maharagi hula makala. Ni kweli, na makala ni ghali, tena kila gunia la makala ni sehemu ya miombo iliyoanguka. Dawa iko kwenye maji. Chagua maharagi jioni, toa mawe na yaliyotobolewa na wadudu, yaoshe, yaloweke kwa maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, yachemshe bila nyanya, kwa sababu uchachu wake hukawiza kulainika. Yakianza kulainika ndipo utie chumvi kidogo, kitunguu, nyanya na kijiko cha kalanga zilizotwangwa. Kumwaga maji ya kuloweka pia hupunguza gesi tumboni, ile inayowafanya wengi wakate tamaa wiki ya kwanza. Anza na kiasi kidogo, uongeze kila siku chache, utumbo huzoea. Pika sufuria kubwa ya siku mbili, na ya siku ya pili uichemshe vizuri kabla ya kuila. Ukinunua gunia, nunua maharagi ya mavuno mapya. Ya zamani yaliyokaa kwenye joto hayaivi hata ukiyachemsha kutwa.

Kalanga zinataka macho. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zinaweza kubeba sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na kuzikaanga hakuiondoi. Zikague moja moja kabla ya kuzitia kinuni. Usinunue kalanga zilizokwisha kusagwa kwa mtu usiyemjua, maana mle ndani huwezi tena kuona kilichosagwa. Na zile mbovu usimpe hata kuku.

Sombe nayo ina utaratibu wake, na kila hatua ina sababu. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sayanidi. Kuyatwanga huvunja chembechembe za jani na kuiachilia sumu hiyo. Kuyaacha kidogo, kuyaosha na kuyachemsha bila kufunika huitoa nje pamoja na mvuke. Kwa hiyo yatwange mpaka yalainike kabisa, yaoshe, yachemshe sufuria ikiwa wazi, na usiwe na haraka. Baadaye ndipo uweke kitunguu cha majani, bilinganya, pilipili na kalanga. Mafuta ya mawese yaingie mwishoni, kijiko kimoja kwa kila mlaji. Mpishi anayeyachoma mafuta hayo mpaka yapoteze wekundu wake huharibu kile kinachogeuka vitamini A mwilini, na kinachobaki ni mafuta mazito tupu.

Unga wa muhogo unahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo katika eneo la Kwango, magharibi mwa Kongo: miguu inapooza ghafla, na haiponi. Ugonjwa huo huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huku sahani zao zikikosa protini. Ni muhimu kulijua hili kwa sababu anayeacha nyama na samaki bila kuongeza maharagi, kisha akategemea muhogo, hujisogeza kwenye hatari hiyo. Muhogo mchungu uloweke siku tatu au zaidi kabla ya kuukausha. Kama umenunua unga na huna hakika nao, uloweshe kwa maji, utandaze uwe mwembamba usiozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike bukari siku hiyohiyo. Njia hii ilifundishwa kwa akina mama wa Kwango, ikasaidia kuzuia wagonjwa wapya.

Sasa udongo, jambo ambalo vitabu vya lishe vya Ulaya haviwezi kulisema kwa ajili ya Likasi.

Likasi ilizaliwa na shaba. Kiwanda cha Shituru kimesafisha madini hapo tangu miaka ya 1920, mgodi wa urani wa Shinkolobwe uko upande wa magharibi wa mji, na Kambove iko jirani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa wingi mno, na watoto walizidi watu wazima. Utafiti mwingine, wa 2014, uliuliza kobalti hiyo inaingilia wapi. Kwa watu wazima, njia kubwa ilikuwa chakula kilichokuzwa hapohapo, zikiwemo mboga na mahindi. Kwa watoto ilikuwa vumbi.

Mtu anayeongeza majani kwenye sahani yake katika ukanda huu lazima ayatazame matokeo hayo bila kuyakimbia. Wala hayamrudishi kwenye samaki, kwani bonde la Lufira ya juu, lenye Ziwa Tshangalele, hupokea maji yanayotoka upande wa Likasi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta metali hizo katika mnyororo wa chakula wa bonde hilo. Jibu ni kuchagua.

Uliza mboga inatoka wapi. Muuzaji wa Mulungwishi anaijua bustani yake, na swali likiulizwa kwa heshima halimkwazi: «Mama, hii lengalenga uliilima wapi? Unaimwagilia maji gani?» Mboga iliyomwagiliwa maji ya mto unaopita chini ya kiwanda au mahali pa kuoshea mawe ya madini, iache, hata ikiwa nzuri machoni. Iliyolimwa ukingoni mwa barabara ya malori ina vumbi. Ioshe kwa maji mengi, mara mbili au tatu, ukifungua kila jani. Kuosha huondoa vumbi lililokaa juu ya jani, lakini metali iliyopanda kupitia mizizi haioshwi kwa maji wala haiungui kwa moto.

Kisha badilishabadilisha. Kwa kawaida majani hukusanya metali kuliko mbegu na matunda. Siku moja kula lengalenga, siku nyingine boga, bamia, nyanya, bilinganya, siku nyingine maharagi peke yake. Maharagi na kalanga zinazoletwa kutoka maeneo ya kilimo yaliyo mbali na migodi ni bora kuliko zile zilizolimwa chini ya bomba la moshi. Mwenye bustani yake mwenyewe aiweke mbali na barabara na mabaki ya madini, atie mboji nyingi, na udongo ukiwa mchachu atie chokaa, kwa sababu uchachu wa udongo hurahisisha metali kuingia kwenye mizizi. Mawe ya chokaa yapo karibu, huko Kakontwe. Na mashamba ya familia yaliyo mbali kijijini, ambayo vijana wengi wameyaacha, yana thamani mpya kwa mtazamo huu.

Mvua zikianza, msitu hutoa chakula chake. François Malaisse, mwanaikolojia wa Kibelgiji aliyefundisha Lubumbashi, aliandika mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya miombo, na mwaka 2017 kikatoka kingine juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, kazi ya André De Kesel na wenzake. Uyoga wa kichuguu wa eneo hili ni miongoni mwa uyoga mkubwa kabisa unaoliwa duniani; kofia moja hutosha familia. Nunua ule tu ambao mama muuzaji na watu wa nyumbani kwako wanaujua kwa jina, kwa sababu ipo aina inayoua na haitangazi sumu yake kwa harufu wala kwa rangi. Kikanda, kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi na kalanga, ni kitamu na hakina nyama ndani yake, lakini mimea hiyo huchimbwa na mizizi yake na haikui upya upesi. Kiwe chakula cha sikukuu.

Vipi kuhusu viwavi? Vikavu vina protini nyingi kuliko nyama ya ng'ombe kwa uzito uleule. Anayepunguza nyama kwa ajili ya afya au mfuko asiviache. Anayewahurumia wanyama wote ataamua mwenyewe.

Damu inahitaji madini ya chuma, na chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama. Msaada wake ni vitamini C iliyomo katika mlo uleule: kamulia limau kwenye lengalenga, kula nyanya mbichi au embe pamoja na maharagi. Chai huzuia chuma kisiingie, kwa hiyo ingoje saa moja baada ya kula. Mwanamke mwenye hedhi nzito apime damu kabla ya kubadili chakula, apime tena miezi michache baadaye. Mwenye dawa za presha au sukari amweleze muuguzi au daktari kwamba amebadilisha sahani yake, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.

Vitamini B12 ni suala lisilokwepeka. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6, na mimea haitoi. Upungufu wake huja polepole, kwa miaka: uchovu, ganzi ya miguu na mikono, kusahau, na mishipa ya fahamu inaweza kuharibika kabisa. Anayekula mimea zaidi, lakini si mimea peke yake, atajitosheleza kwa mayai machache, maziwa, au ndagala wachache mara kadhaa kwa wiki. Aliyeacha vyote hivyo lazima anunue vidonge vya B12 kwenye duka la dawa na avitumie maisha yake yote. Asiyeweza kuvipata kwa uhakika huko Mulungwishi asiache samaki na mayai. Hapa msimamo wa mwongozo huu ni mkali kwa makusudi, kwa kuwa ganzi ikishaingia inaweza isitoke.

Kwenye matanga, arusi au ziara ya wakwe, ndipo uamuzi hujaribiwa. Kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni ni heshima, na kumkataa mezani bila kusema kitu mapema ni kumwaibisha mwenye nyumba. Tuma habari siku moja kabla, kupitia shangazi au yaya anayesikilizwa jikoni. Ukifika, omba kwa sauti ya mtoto wa nyumbani: «Mama, unipatie sombe na bukari tu, hiyo nyama uwape batoto.» Kisha kula sana, mama anayeona sombe yake imekwisha hana malalamiko makubwa. Usihubiri juu ya saratani wakati wengine wana mifupa mkononi. Na ikiwa sababu yako ni afya au mfuko, kipande kimoja mbele ya mkwe mara moja kwa mwaka hakiharibu kitu.

Watoto wabaki nje ya majaribio. Mtu mzima ana haki ya kujichagulia, lakini mtoto aliye chini ya miaka miwili hana tumbo la kubeba bukari na majani ya kumtosha. Baada ya miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, uji wake utiwe unga wa kalanga zilizokaguliwa au soja iliyokaangwa vizuri kabla ya kusagwa, mafuta ya mawese kidogo, na ndagala waliosagwa au yai pale vinapopatikana. Uji wa mahindi au wa muhogo peke yake humjaza bila kumlisha. Mtoto aliyevimba miguu, aliyepoa na kukataa kucheza, ambaye nywele zake zimekuwa nyekundu na nyepesi, ana kwashiorkor. Kuongezewa maharagi nyumbani hakutoshi; apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.